Nani alikuwa polisi wa kwanza wa kike? Swali moja, majibu mengi

Saa tano usiku mwanamke ameletwa kituoni. Iwe ni Kisumu, Nakuru au Busia mpakani, kazi ya kaunta huwa ile ile. Askari wa zamu anafungua kitabu cha matukio, OB, anaandika saa, jina na kosa analoshukiwa nalo. Simu, pesa, hereni na mkanda vinawekwa mezani na kuorodheshwa kimoja kimoja. Pesa zinahesabiwa mbele yake, naye anatia sahihi. Halafu kazi inasimama. Lazima apekuliwe mwilini kabla ya kuingizwa seli, na waliopo kauntani wote ni wanaume. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kinasema mwanamke atapekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha kamili. Basi mtu anatumwa laini, kule kwenye nyumba za askari, akamgongee mlango koplo wa kike aliyetoka zamu saa kumi na mbili jioni.

Koplo anaingia naye chumba cha pembeni na mlango unafungwa. Anaanza na kilemba na nywele, anashuka kwenye kola, mishono ya kwapani, upindo wa sketi, soli za viatu, na mwisho fundo la leso lililo ndani ya nguo, mahali akina mama wengi wa sokoni wanapoweka pesa. Anayejua kazi hafanyi haraka kwenye fundo hilo wala kwenye upindo. Wembe mmoja ukipita hapo unaingia seli, na kinachofuata usiku huo kitakuwa mikononi mwa aliyepekua. Na ikiwa mwanamume ndiye aliyepekua kwa sababu hakuna wa kumsaidia, kituo kimejitafutia malalamiko, na wakili ana pa kuanzia siku ya kesi.

Hitaji hili ndilo lililowaingiza wanawake kwenye kazi ya polisi huko ng'ambo. Hawakuingizwa kwa sababu wakuu waliamka siku moja wakaona haki. Waliingizwa kwa sababu kulikuwa na wanawake na watoto ndani ya seli, na wanaume hawakuweza, au hawakupaswa, kuwashughulikia peke yao. Asiyelielewa hilo atapotea anapokutana na madai ya "mwanamke wa kwanza", kwa maana madai hayo ni mengi, yanapingana, na mengi kati yake ni ya kweli kwa wakati mmoja.

Funguo zilitangulia beji

Kule New York, wanawake waliajiriwa mwaka 1845 kusimamia wafungwa wa kike katika jela za jiji. Waliitwa matroni. Walikuwa na funguo, walipekua, walilisha, walituliza watoto waliokamatwa pamoja na mama zao. Kukamata mtu barabarani hakukuwa kazi yao. Je, hao walikuwa polisi? Ukiuliza sheria ya wakati ule, hapana. Ukimuuliza mwanamke aliyelala seli usiku ule, yule matroni ndiye alikuwa serikali yote.

Hapo ndipo fundo lilipo. Neno "polisi" limebeba mambo kadhaa yaliyoshonwa pamoja: kuajiriwa na kulipwa na polisi, kula kiapo, kuwa na mamlaka ya kukamata, kuvaa sare, kushika zamu ya doria, kupata mshahara na pensheni sawa na wenzako, kupanda cheo. Mwanamume aliyeajiriwa aliyapata karibu yote siku moja, au aliyaona mbele yake. Wanawake walipewa moja leo, lingine baada ya miaka 20, lingine baada ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo kila jambo lina mwanamke wake wa kwanza.

Mchukue Marie Owens wa Chicago. Alikuwa mjane mwenye watoto 5. Mwaka 1889 jiji lilimwajiri kama mkaguzi wa afya, akiingia viwandani kutafuta watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi kinyume cha sheria. Mwaka 1891 alihamishiwa polisi akapewa cheo cha sajini wa upelelezi, na alikaa kazini mpaka 1923. Miaka 32. Hata hivyo jina lake lilipotea kwa muda mrefu kwa sababu ya kosa la karatasi: alichanganywa na mwanamke mwingine mwenye jina linalofanana na lake, akaandikwa kama mjane wa askari aliyepewa kazi kwa huruma. Mumewe hakuwa askari hata kidogo. Alikuwa fundi wa mabomba ya gesi. Jina lake lilirejea baada ya mtafiti mmoja kurudi kwenye kumbukumbu za jiji, zaidi ya miaka 80 tangu astaafu.

Tunalitaja kosa hili kwa sababu linatokea hapa kwetu pia, kwa njia nyepesi zaidi. Faili za utumishi zikihifadhiwa kwa jina la mume, au mtumishi akibadilisha jina baada ya kuolewa, nusu ya kazi yake inakaa chini ya jina moja na nusu chini ya jingine. Anayetafuta historia ya askari wa kike asianze na jina. Aanze na nambari ya utumishi.

Huko Ujerumani, muuguzi Henriette Arendt aliajiriwa na polisi wa Stuttgart mwaka 1903 kushughulikia wanawake na watoto waliokamatwa. Alidumu miaka michache, akagombana na wakubwa wake, akaondoka. Portland, Marekani, ilimwapisha Lola Baldwin tarehe 1 Aprili 1908. Baldwin alikuwa amejulikana tangu maonyesho makubwa ya 1905 mjini humo, alipowalinda wasichana waliomiminika kutafuta kazi. Hakutaka ofisi ndani ya kituo cha polisi, akisema msichana mwenye shida hatavuka kizingiti kile. Wazo hilo lishike, tutalirudia.

Beji iliyoshukiwa

Anayetajwa zaidi ni Alice Stebbins Wells wa Los Angeles. Alipeleka ombi lenye sahihi za raia 100, akaapishwa Septemba 1910, na alikuwa na mamlaka ya kukamata. Vifaa alivyokabidhiwa vinaeleza mengi: ufunguo wa visanduku vya simu za polisi, kitabu cha kanuni, kitabu cha huduma ya kwanza na beji. Bunduki hakupewa wala rungu. Sare hakukuwa nayo, akajibunia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukagua kumbi za dansi, sinema na viwanja vya kuteleza, mahali vijana walipokusanyika.

Wakati ule askari alipanda tramu bure akionyesha beji. Wells alipoonyesha yake, kondakta alimshutumu kuwa anatumia beji ya mumewe. Sheria ilikuwa imeshamfanya polisi, lakini macho ya mtaani yalikuwa bado hayajamwona polisi mwanamke. Ilibidi apewe beji nyingine yenye nambari 1, iliyotaja wazi kuwa mwenyewe ni polisi wa kike.

Kwetu lugha ingetuokoa, maana neno "askari" halibagui: ni ngeli ya A-WA, mke na mume sawa, na "afande" hupigiwa saluti ile ile. Lakini sikiliza tunavyozungumza. Mwanamume ni askari tu. Mwanamke ni "askari wa kike". Kile kiambatisho ndicho beji ya Wells.

Jiji hilo hilo lilimpa Georgia Ann Robinson kazi, kwanza kwa kujitolea mwaka 1916, kisha kwa kuajiriwa rasmi mwaka 1919. Ni miongoni mwa wanawake Weusi wa mwanzo kabisa kuwa polisi nchini Marekani. Mwaka 1928 alipokuwa akiamua ugomvi wa mahabusu wawili jela, aliumizwa kichwa na akapoteza uwezo wa kuona. Wanaosema kazi ya wanawake hao ilikuwa "ya kulea tu" wasimsahau.

Kiapo kimoja, mishahara miwili

Mwaka 1915 peke yake unatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yakipishana. Vita Kuu vilikuwa vimewachukua wanaume, na milki ya Waingereza ilijikuta ikiwahitaji wanawake.

Grantham, mji mdogo wa Uingereza uliokuwa na kambi kubwa ya jeshi jirani, ulimpa Edith Smith, mjane aliyekuwa mkunga, mamlaka kamili ya kukamata. Serikali kuu haikuridhika. Wizara ya mambo ya ndani ilishikilia kwamba mwanamke hahesabiki kuwa mtu anayefaa mbele ya sheria kuapishwa konstebo. Wakuu wa Grantham walisonga mbele hata hivyo. Smith alifanya kazi siku 7 kwa wiki kwa zaidi ya miaka 2, akajiuzulu mwanzoni mwa 1918 akiwa amedhoofika, na mwaka 1923 alifariki. Alikuwa mmoja peke yake. Zamu zote za wanawake mjini zilikuwa zake.

Australia Kusini, mwaka huo huo mwezi Desemba, iliwaapisha Kate Cocks na Annie Ross, ikawapa mamlaka na mshahara sawa na wanaume. Sydney, katika nchi hiyo hiyo, iliwaajiri Lillian Armfield na Maude Rhodes kwa masharti mengine kabisa. Armfield alitia sahihi karatasi ya kuiondolea idara wajibu wowote wa usalama wake kazini. Hakuwa na sare, hakulipwa saa za ziada, hakuwekewa pensheni. Alikamata wezi, matapeli na wauza kokeini mpaka 1949, akatoka akiwa na umri wa miaka 65, bila pensheni ya polisi.

Usomapo kwamba nchi fulani "iliwaruhusu wanawake mwaka fulani", uliza walitia sahihi karatasi gani. Hapo ndipo ukweli wa kazi ulipo.

London nayo iliunda doria za wanawake mwishoni mwa vita bila kuwapa mamlaka ya kukamata. Wakimwona mhalifu walimwita mwanamume. Mwaka 1922 serikali ilipobana matumizi, wao ndio waliokatwa kwanza, wakabaki 20 hivi. Waliobaki wakaapishwa na kupewa mamlaka kamili mwaka 1923. Mwanamke akiolewa, aliondoka. Sheria hiyo iliondolewa London mwaka 1946 tu. Afrika ilirithi mtindo huo. Gold Coast, Ghana ya leo, iliwaajiri wanawake 12 mwaka 1952, na Rosamond Asiamah Nkansah ndiye aliyekuwa nambari 1 kati yao. Nao walikatazwa kuolewa na kupata mimba wakiwa kazini.

Mlango uliogeuka ukuta

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini. Waanzilishi hawa waliingia kwa hoja moja: wanawake na watoto wanahitaji polisi mwanamke. Hoja hiyo ilishinda. Los Angeles iliagiza kwamba msichana asihojiwe na askari wa kiume, na kazi hiyo ikawa yao. Lakini hoja iliyofungua mlango ilijenga pia ukuta nyuma yake. Kama kazi yako ni wanawake na watoto, basi hufanyi doria. Usipofanya doria, huna uzoefu unaodaiwa kwenye mtihani wa cheo. Usipofanya mtihani, huwi mkubwa wa mtu yeyote, na ratiba ya zamu itaandikwa na mwingine maisha yako yote.

Felicia Shpritzer aliingia polisi wa New York mwaka 1942. Mwaka 1961 aliomba kufanya mtihani wa usajini, akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Alienda mahakamani, akashinda mwaka 1963, akafanya mtihani mwaka uliofuata, na mwaka 1965 yeye na Gertrude Schimmel wakawa masajini wa kwanza wa kike wa jiji lile. Miaka 120 baada ya matroni wa kwanza kushika funguo za jela za mji ule ule.

Doria ilikawia zaidi. Septemba 1968, kule Indianapolis, Betty Blankenship na Elizabeth Coffal walipewa gari la doria nambari 47 na kutumwa kuitikia simu kama askari wengine. Walivaa sketi, na bunduki zao zilikaa ndani ya mikoba. Fikiria hatua zake: mkono unakwenda begani, unafungua mkoba, unapapasa, ndipo unashika silaha. Mwanamume aliye na mkanda kiunoni amekwisha kuichomoa. Sare haikuwa pambo. Ilikuwa sehemu ya usalama wao, na aliyeishona hakuwafikiria wakikimbia.

Mashaka kama wanawake wanaiweza doria yalipimwa Washington kati ya 1972 na 1974, kwa kulinganisha askari wapya 86 wa kike na 86 wa kiume. Wanawake walifanya kazi ya doria kwa kiwango cha kuridhisha. Waliwakamata watu wachache zaidi, na hawakuwa wepesi wa kuingia kwenye makosa makubwa ya nidhamu kama wanaume.

Kwetu mlango ulikuwa mwingine

Kenya haikuanza na jela za jiji wala kumbi za dansi. Polisi wa kikoloni walizaliwa kulinda mali ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kisha reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na kusimamia kodi ya nyumba. Kikosi kilipangwa kwa sheria ya mwaka 1906 na kikaitwa Polisi wa Kenya mwaka 1920. Kiliendeshwa kijeshi, neno "askari" lenyewe ni mwanajeshi. Katika muundo huo raia alikuwa mtu wa kudhibitiwa, na mwanzoni mwanamke hakuwa na nafasi kama mtumishi wala kama mlalamishi. Ndiyo sababu kuchukua tarehe za Los Angeles na kuuliza "mbona sisi tulichelewa" ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza swali. Kifungu cha 27 kinazuia jinsia moja kuzidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na Kifungu cha 232 kinadai nafasi sawa za kuajiriwa, mafunzo na kupanda cheo katika utumishi wa umma. Grace Kaindi, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi mkoa wa Nyanza, ofisi yake ikiwa Kisumu, akawa naibu inspekta jenerali anayesimamia Polisi wa Kenya. Hapa nako kuna fundo la kufungua: alikuwa mwanamke wa kwanza katika cheo hicho, na pia mtu wa kwanza, kwa maana cheo chenyewe kilizaliwa na Katiba hiyo ya 2010. Hakuna mwanamume aliyemtangulia kukikalia.

Dawati la jinsia ni mjukuu wa hoja ya zamani

Ukiingia kituo kikubwa leo utaona chumba au meza iliyoandikwa dawati la jinsia. Hilo ni wazo la Baldwin lililofika kwetu: mwenye shida asilazimike kueleza aibu yake kauntani mbele ya foleni. Linafaa sana likiendeshwa ipasavyo, na askari anayelijua humwambia aliyebakwa mambo haya kabla ya kuchukua maelezo marefu.

Kwanza hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Si lazima kuripoti polisi ndipo utibiwe. Usioge, usifue, usichane nywele. Nguo ulizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti, kila vazi peke yake. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, ukungu unaota, na ushahidi unaoza kabla ya kufika maabara. Hospitalini daktari hujaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa. Polisi hutoa fomu ya P3, ya ripoti ya uchunguzi wa daktari, sehemu ya kwanza ikijazwa kituoni na ya pili na daktari. P3 ni bure. Kila bahasha inapobadilisha mikono, anayetoa na anayepokea huandika jina, tarehe, saa na sahihi. Hapo ndipo kesi nyingi hufa, kwa sababu pengo moja kwenye orodha linatosha wakili kusema nguo ile si ile.

Na ndipo ukuta ule unaporudi. Askari wa kike akishapelekwa dawatini kwa sababu ni mwanamke, anaweza kukaa hapo miaka bila kugusa faili ya wizi wa mabavu wala kuongoza doria. Vilevile mwenzake wa kiume hajifunzi kuzungumza na mtoto aliyeumizwa, kwa kuwa "ile ni kazi ya akina dada". Mkuu wa kituo mwenye busara huwazungusha: miezi kadhaa dawatini, kisha upelelezi, kisha kaunta, wanaume kwa wanawake, na wote wapate mafunzo ya dawati.

Lakini kuzungusha kunahitaji watu, na hesabu yake ni rahisi. Zamu 3 za saa 8 kwa siku 7 ni zamu 21 kwa wiki. Askari anayepata siku 1 ya mapumziko hushika zamu 6. Ukigawanya, unahitaji wanawake 4 ili kaunta moja isikose mwanamke usiku wala mchana. Ongeza wa 5 kwa ajili ya likizo ya mwaka, siku za kwenda mahakamani kutoa ushahidi, na likizo ya uzazi ya miezi 3. Hapo hujaweka hata mmoja dawatini wala kwenye gari la doria. Kituo chenye askari wa kike 2 kinaweza kuwa na sheria zote ukutani na bado, saa tano usiku, mtu akatumwa laini kumgongea mlango koplo aliyelala, ambaye kesho saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa kazini. Grantham ilikuwa na mmoja.